Nusu ya Methali

Siku ya Jumatano, tarehe 6 Februari 1799, wasomaji wa gazeti la Diario de Madrid walikuta miongoni mwa matangazo habari moja iliyokuwa ndefu kuliko ilivyo ada ya matangazo, ya kwamba umepigwa chapa mkusanyiko wa picha 80 zilizobuniwa na kuchongwa katika shaba na Don Francisco de Goya, na kwamba anayezitaka na aende katika duka la manukato na pombe lililoko Mtaa wa Desengaño, nambari 1, akiwa na reali 320, kiasi ambacho kilikuwa sawa na wakia moja ya dhahabu. Ama hilo neno desengaño, Kiswahili hakina mkabala wake kwa neno moja: ni hali ya mtu aliyehadaiwa kisha akazinduka, akayaona mambo kama yalivyo, asiwe na furaha nayo, wala asiweze tena kurudi katika hadaa yake ya kwanza. Lau mtunzi wa hadithi angaliuzua mtaa wenye jina hilo, wenye duka la marashi, ambamo zinauzwa picha za kuwasuta watu wa zama zake, tungalimwambia kwamba ametia chumvi. Lakini mtaa ulikuwapo, na mpaka leo upo. Kwa maneno ya Goya mwenyewe, aliyoyaandika miaka minne baadaye, picha zile ziliuzwa kwa siku mbili tu, vikatoka vitabu 27, kisha zikaondolewa.

Tangazo lenyewe lina adabu nyingi. Linasema kwamba uchoraji, kama ulivyo ushairi na ulivyo ufasaha wa mimbari, una haki ya kukaripia makosa na maovu ya wanadamu. Kwamba mchoraji ameokota, katika upuuzi usio idadi unaopatikana katika kila jamii ya watu waungwana, na katika hadaa ambazo desturi na ujinga na tamaa zimezihalalisha, yale aliyoyaona yanafaa zaidi kwa kazi yake. Na kwamba hakuna hata mtu mmoja, fulani bin fulani, aliyekusudiwa kuchekwa. Sisi tuliokulia pwani, ambako neno zito aghalabu hupitishwa katika fumbo kama dawa chungu inavyopitishwa katika asali, tunaijua sana kauli hii. Mtu akifungua maneno barazani kwa kusema, "Mimi simsemi mtu," waliohudhuria hukaa vizuri mikekani, wakaacha kunywa kahawa, wapate kumjua anayesemwa.

Na huyu aliyesema hamsemi mtu hakuwa mtu wa kando aliyewatupia mawe wakubwa kutoka nje ya ukuta. Alizaliwa mwaka 1746 katika kijiji cha Fuendetodos, nchi ya Aragón, baba yake akiwa fundi wa kupaka dhahabu. Akapanda daraja baada ya daraja, kwanza kwa kuchora vielelezo vya mazulia ya ukutani yaliyofumwa katika karakana ya mfalme, mpaka akafika kuwa mchoraji wa mfalme, mwenye kuingia katika majumba ya mamwinyi na kuwachora wakiwa katika hariri na nishani zao. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule wa 1799, miezi minane baada ya picha zile kutokea katika duka la manukato, aliteuliwa kuwa mchoraji mkuu wa kasri. Mkono uliowapamba watu hao mchana ndio uliowavua nguo usiku. Na mimi sioni kwamba palikuwa na unafiki katika jambo hilo, maana mtu hawezi kuuchora uso wa mkubwa kwa miaka mingi, kila unyoya wa kofia na kila kifundo cha utepe, asiyaone yaliyo chini yake.

Walakini hapo katikati palipita jambo. Mwisho wa mwaka 1792, alipokuwa safarini katika nchi ya Andalucía, Goya alishikwa na maradhi ambayo waganga mpaka leo hawakupatana juu ya jina lake. Akauguzwa katika mji wa bandari wa Cádiz, nyumbani kwa rafiki yake tajiri, Sebastián Martínez, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa wa picha za chapa. Na alipoinuka kitandani alikuwa kiziwi, akabaki kiziwi mpaka kufa kwake. Nakuomba, msomaji, ukae siku moja nyuma ya dirisha la kioo zito, uwatazame watu wanaozungumza nje usiwasikie. Utaona vinywa vikifunguka na kufumbika, vidole vikihesabu hewa, mtu akijipiga kifua kwa kuapa, mwanamke akielekeza shingo upande, mzee akitikisa kichwa kwa hekima. Na baada ya dakika chache utashangaa kuona kwamba wote wale ni waigizaji, na kwamba maneno, ambayo sasa huyasikii, ndiyo yaliyokuwa yakikuzuia kuuona uigizaji wao. Ninaamini, ingawa sina hati ya kuithibitisha imani hii, kwamba picha zile 80 zilitoka nyuma ya kioo cha namna hiyo. Ndiyo sababu kila mtu aliyemo humo yuko jukwaani.

Jina alilozipa ni Caprichos, ambalo tungaliweza kulifasiri kwa neno letu "vituko", maana vituko ni mambo ya ajabu yanayomjia mtu kichwani, na tena ni mambo ya ajabu ambayo watu huyatenda wakidhani hawaonekani. Kitabu changu cha vituko hivi ni nakala duni iliyopigwa chapa kwa mashine, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai, na jalada lake la nyuma limeliwa na mchwa. Hata hivyo, kiza chake hakikuharibika, na juu ya kiza hicho inanilazimu niseme kidogo, kwa sababu wengi hukiona kama pambo.

Kazi huanza na bamba la shaba lililosuguliwa mpaka likang'aa. Bamba hilo hupakwa utando mwembamba wa nta na lami, kisha mchoraji huchora kwa sindano, sindano ikikwangua utando bila ya kulazimika kuikata shaba. Halafu bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula pale palipokwanguliwa, na penye nta hupaacha. Hiyo ndiyo mistari. Ama kiza hupatikana kwa njia nyingine, ambayo ilikuwa bado ngeni zama zile, nayo huitwa akwatinta: bamba hunyunyiziwa vumbi la utomvu mkavu, jamaa ya sandarusi ile iliyokuwa ikichimbwa Mrima na kupakiwa vyomboni kwenda kufanywa vanishi katika nchi za mbali, kisha hupashwa moto kwa chini hata punje zikashika shabani. Tindikali ikija, huingia baina ya punje na punje, ikatoboa vijishimo visivyohesabika, na vijishimo hivyo ndivyo baadaye vinavyokunywa wino. Mahali mchoraji anapopataka peupe hupafunika kwa vanishi kabla ya bamba kuzamishwa. Anapopataka pawe na rangi ya majivu hupaachia kidogo. Na anapotaka usiku hasa huacha tindikali ile mpaka ishibe. Kwa hiyo mwanga wote unaouona katika picha hizi, katika paji la uso la bibi arusi, katika shati la mfungwa, katika meno ya mchawi, ni karatasi tupu iliyonusurika.

Na kiza hicho kina kazi. Tazama jinsi Goya asivyochora mitaa. Madrid haimo, wala makanisa yake, wala soko lake. Nyuma ya watu hamna kitu ila ule weusi wenye chembechembe, mfano wa pazia la jukwaa ambalo halijulikani limetundikwa juu ya mti gani. Mtu anayeitazama picha hana pa kukimbilia kwa kusema, "Ah, hayo ni mambo ya mtaa ule," kwa kuwa mtaa hakupewa.

Niliyoyapenda tangu mwanzo ni ya punda, na nadhani kila aliyepata kupishana na punda katika vichochoro vya Lamu, ambako mnyama huyo hubeba mawe na mchanga na chokaa pasipo kumtukana mtu, atayapenda pamoja na kumwonea huruma kwa kuazimwa sura yake. Ni picha 6 zinazofuatana, kuanzia ya 37 mpaka ya 42. Punda mwalimu anamfundisha punda mtoto herufi moja tu. Punda wa pili anasikiliza kwa raha muziki wa nyani apigaye gitaa. Punda wa tatu, aliyevaa vizuri, ameketi na kitabu kikubwa cha nasaba kilichojaa picha za babu zake, nao wote ni punda. Punda wa nne ni tabibu, pete inang'aa kidoleni, ameshika mkono wa mgonjwa na kuinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza mshipa. Punda wa tano anachorwa na nyani aliye mchoraji wa heshima, naye anavikwa kilemba cha ukoka pale pale mbele ya macho yetu. Hizi ni dhihaka nzuri, na mtu hucheka, na kucheka kwake kunamtosha.

Lakini ya 42 haimchekeshi mtu. Wanaume wawili, wakulima kwa mavazi yao, wamebeba punda migongoni. Migongo imepinda hata nyuso zao zinaelekea chini, macho wameyafumba, magoti yanataka kukatika. Na wale punda wametulia kabisa, wamestarehe, mmoja ana kikwaru cha mpanda farasi katika kwato yake. Chini ya picha pameandikwa maneno manne ya Kihispania, ambayo maana yake ni "wewe usiyeweza", basi. Mhispania anayasoma maneno hayo na ulimi wake unayamalizia wenyewe, kwa sababu ni nusu ya methali ya kwao, ambayo nusu yake ya pili ni "nibebe mgongoni". Goya hakuiandika nusu ile. Hakuhitaji kuiandika, na lau angaliitwa mbele ya kadhi na kuulizwa ni nani aliyesema kwamba wakulima wa Hispania wanawabeba mamwinyi na mapadri kwa kodi na zaka, angaliweza kujibu kwamba yeye amesema "wewe usiyeweza", na kwamba hayo mengine, bwana kadhi, umeyasema wewe.

Hapa ndipo ninapouona usanii wake, zaidi ya pale panaposifiwa na watu kwa kawaida, yaani katika madubwana na popo. Fumbo humficha msemaji, hilo linajulikana, na washairi wa kwetu walilijua sana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyekuwa kijana katika mwaka huo wa 1799, alizipigania siasa za mji wake kwa beti ambazo adui alizielewa asiweze kuzishitaki. Na mpaka leo mwanamke anaweza kupita mbele ya jirani yake na kanga ya jina kali, akamwamkia kwa upole, na jirani akarejea ndani na kulia, ingawa hakuambiwa kitu. Lakini fumbo lina kazi ya pili ambayo wasemaji hawaisemi sana: humfanya msikilizaji awe mshirika. Yeye ndiye mwenye kulifumbua, kwa akili yake na kwa yale anayoyajua, na akisha kulifumbua hawezi tena kudai kwamba alikuwa hayajui.

Basi haikupita muda watu wa Madrid wakaanza kufumbua. Zikazuka fafanuzi zilizoandikwa kwa mkono, zikapita kutoka nyumba hadi nyumba. Moja iliyo mashuhuri imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Prado, nayo ni yenye hadhari, imejaa mawaidha ya jumla. Nyingine hazina hadhari hata kidogo, zinataja majina. Punda mwenye kitabu cha nasaba, zikasema, ni Godoy, yule askari kijana aliyepandishwa cheo na mfalme na, kwa kauli ya mitaani, na malkia zaidi, hata akawa waziri mkubwa wa dola. Labda ni yeye. Mimi sina haja ya kumpata. Nimewahi kuwaona watu wa mji mdogo wakichangishana fedha ili fundi wa nasaba awapatie babu aliyetoka ng'ambo, na kila mmoja akamcheka mwenziwe kwa babu yake wa uongo huku akikunja karatasi ya babu wa kwake na kuiweka kifuani.

Katika picha ya 50 wako mamwinyi wawili, mmoja amesimama, mwingine amelala, na jina lao, Chinchilla, limetokana na mchezo wa kuchekesha wa José de Cañizares ambao watu wa Madrid waliujua. Wamevaa makoti yaliyopambwa ngao za ukoo, yaliyobana mikono yao hata haina kazi, masikioni mwao mmetiwa kufuli, macho wameyafunga, vinywa tu ndivyo viko wazi, na mtu mwenye masikio ya punda, aliyefungwa kitambaa machoni, anawalisha kwa kijiko. Ingewezekana kuandika kitabu kizima juu ya daraja la watu wasiofanya kazi, wasiosikia na wasioona, wanaolishwa na ujinga, na kitabu hicho kisifike mbali kama zilivyofika kufuli zile mbili. Na katika picha ya 52 mwanamke amepiga magoti, mikono ameifumbata, mbele ya kitu kirefu kilichovaa joho na ukaya wa mtawa, kimeinua mikono kwa kumtisha. Umma uko nyuma umejazana kwa hofu. Angalia mikono hiyo. Ni matawi. Ndani ya joho hamna mtu, mna mti, na maandishi ya chini yanastaajabia tu uwezo wa fundi cherehani.

Sasa nitakusimamisha mbele ya picha moja kwa kitambo, kwani ndiyo inayonisumbua zaidi, nayo ni ya 12. Mwanamke kijana amepanda juu ya ukuta usiku. Pembeni yake ananing'inia mtu aliyenyongwa, mikono yake imefungwa, miguu yake mitupu imeelekea chini kama miguu ya mtu anayetafuta ngazi gizani. Mwanamke amejinyoosha, na mkono wake mmoja umeingia kinywani mwa maiti: anatafuta meno, kwa kuwa watu walidai kwamba meno ya aliyenyongwa yana nguvu katika uchawi, na huenda ana mtu anayetaka kumpata kwa mapenzi. Kwa mkono wa pili ameshika kitambaa, ameufunika uso wake kwa kile kitambaa na kuugeuza upande. Anaogopa, anachukizwa, na bado hautoi ule mkono. Mchoraji mwenye kejeli nyepesi angalimfanya ajuza mwenye pua ndefu, tukamcheka, tukapita. Goya amemfanya mzuri, amemvika nguo nyepesi, akampa haya. Na kwa sababu ya ile haya, ile pembe ya kitambaa, mtazamaji anamtambua kuwa ni jamaa yake. Nani katika sisi hakupata kuutia mkono mahali huku ameugeuza uso?

Ama picha iliyo mashuhuri kupita zote ni ya 43: mtu amelala juu ya meza yake ya kazi, kichwa kimezama mikononi, na nyuma yake wanaruka bundi na popo, na chini amelala simbamangu aliyetoa macho, ambaye naona ndiye peke yake katika chumba hicho aliye macho kwa kweli. Ubavuni mwa meza pameandikwa kwamba sueño ya akili huzaa madubwana. Nimeliacha neno hilo katika Kihispania kwa makusudi, maana Wahispania wana neno moja kwa usingizi na kwa ndoto, na Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague. Ukisema usingizi wa akili huzaa madubwana, umesema kwamba akili ikilala, ujinga huja; neno la salama, ambalo mwalimu yeyote angalipenda kulitundika ukutani. Ukisema ndoto ya akili huzaa madubwana, umesema kwamba akili yenyewe, katika kuota kwake, katika kujenga dunia iliyonyooka, ndiyo mama yao. Na wakati huo miaka 6 tu ilikuwa imepita tangu Wafaransa, kwa jina la akili, kumkata kichwa mfalme wao na kuendelea kukata vichwa vingine. Rasimu ya picha hii ni ya mwaka 1797, na kwanza Goya alikusudia iwe ukurasa wa kufungulia mkusanyiko. Kisha akaiondoa pale, akaitia katikati, na mwanzoni akajiweka mwenyewe, amevaa kofia ndefu, uso upande, jicho likitazama kwa pembeni kama mtu aliyekwisha kukusikia ukisema jambo la kipumbavu.

Mwaka 1798 alimchora rafiki yake Jovellanos, mwanachuoni, mtu wa kutengeneza mambo, aliyekuwa waziri wa haki kwa miezi michache tu. Ameketi mezani, shavu ameliegemeza mkononi, macho wazi na yamechoka, na nyuma yake imesimama sanamu ya Minerva, yule mungu wa hekima wa Warumi ambaye ndege wake ni bundi. Meza, mkono na kichwa kizito viko katika taswira zote mbili. Kwa hiyo watu wa Ulaya huwatazama bundi wa picha ya 43, mmoja wao akimsogezea aliyelala kalamu, wakajiuliza kama si hekima inayomwamsha. Msomaji wa Kiswahili hatasita hapo. Bundi akilia juu ya paa la nyumba yetu, hatumdhanii kuwa amekuja kutusomesha. Na kwa mara hii moja, nadhani, sisi tunaisoma picha kwa usahihi zaidi. Jovellanos alikamatwa mwaka 1801, akapelekwa kisiwa cha Mallorca, akafungwa huko mpaka 1808.

Sitasema kwamba picha zote 80 ni sawa. Nusu ya pili, ambayo wachawi wameimiliki, wakipaa juu ya mifagio, wakipakana mafuta, wakipika watoto, huchosha; mtu akiisha kuona kumi, ya kumi na moja haimtishi. Wala siwezi kumtetea katika hasira aliyo nayo kwa wanawake wa mjini na makuwadi wao vikongwe, ambao anawarudia na kuwarudia, na ajuza aliyekaa mbele ya kioo akijaribu kofia mpya huku wanaume nyuma yake wakizuia kicheko. Kicheko hicho ni rahisi mno. Kuna picha mbili, hata hivyo, zinazomsafisha kidogo. Katika ya 23 mtuhumiwa ameketi juu ya jukwaa, kichwa kimeinama chini ya kofia ndefu ya aibu, na karani anasoma hukumu ya Inkwizisheni, ile mahakama ya kanisa ya kuwahukumu walioshukiwa uzushi wa dini, na chini yao ni bahari ya nyuso za mapadri, zilizonenepa, zilizochoka, baadhi zina usingizi. Katika ya 24 mwanamke amepandishwa juu ya punda, mgongo na kifua wazi, shingo imezuiwa kwa chuma asiweze kuuinamisha uso, wakati umma unampigia kelele. Yeye peke yake hakuumbuliwa na kalamu. Umma wote una sura za madubwana, na yeye ana uso wa mtu.

Mwaka 1803 Goya alimtolea mfalme Carlos wa Nne mabamba yote ya shaba pamoja na vitabu 240 ambavyo havikuuzwa, akamwombea mwanawe Javier riziki ya kila mwaka; mfalme akapokea, na riziki ikatolewa. Baadaye sana, akiwa mzee katika mji wa Bordeaux, huko Ufaransa, ambako alikufa mwaka 1828, Goya aliandika kwamba mabamba alimpa mfalme, na pamoja na hayo yote alishitakiwa kwa Inkwizisheni. Hivyo wale waliosutwa wakawa ndio wenye kuitunza suto yao. Mabamba yakaingia katika hazina ya chapa ya mfalme, na mpaka sasa yamo Madrid, katika Akademia ya San Fernando.

Kila nikifunga kitabu changu nakifungua tena katika picha ya 3, ambayo si kubwa wala si mashuhuri. Mama ameketi chini na watoto wawili. Mbele yao amesimama mtu aliyejifunika shuka tangu utosini mpaka miguuni, ametupa mgongo, hatumwoni uso. Na maandishi yanasema kwamba Coco anakuja, naye Coco ni zimwi la watoto wa Kihispania, lile wanalotishiwa ili wanyamaze. Ufafanuzi wa Prado unalaumu malezi ya namna hiyo, yanayomfanya mtoto aogope kisichokuwapo kuliko anavyomwogopa baba yake. Watoto wanapiga makelele, mmoja amejificha mapajani mwa mama, mwingine ameachama kinywa kizima. Lakini mama ameuinua uso wake, na mwanga wote wa karatasi umeuangukia. Fafanuzi nyingine, zile zisizo na hadhari, zinasema kwamba aliyemo ndani ya shuka ni hawara yake, naye amekuja kama zimwi ili watoto wakimbie wakalale. Nimeutazama uso ule mara nyingi, chini ya taa na mchana dirishani. Haogopi. Anamtazama aliyefunikwa kama mtu anayejua kuna nini ndani ya shuka, na mkono wake uko juu ya mtoto.